Jinsi ya kuisikiliza albamu ya mwisho ya Shirley Horn

Kama humjui Shirley Horn, mwimbaji na mpiga piano wa jazi wa Marekani, usianze na May the Music Never End. Ni albamu yake ya mwisho ya studio, ilitolewa na kampuni ya muziki ya Verve mwaka 2003, na anayekutana nayo bila maandalizi huiona ndefu, ya polepole, ya mama mtu mzima ambaye sauti imeshaanza kukwaruza. Anaizima kwenye wimbo wa tatu. Ni hasara kubwa, maana humo ndani mna mafunzo ya uimbaji wa taratibu ambayo ni vigumu kuyapata kwingine.

Anza na You Won't Forget Me ya mwaka 1991, ile ambayo Miles Davis anampigia tarumbeta katika wimbo uliobeba jina la albamu. Humo Horn anaimba huku akijipigia piano, kama alivyofanya karibu maisha yake yote. Sikiliza kitu kimoja tu: anapochelewesha neno, kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nayo inachelewa. Hana haja ya kumpa mtu ishara, kwa kuwa koo na vidole ni vya mtu mmoja. Rudia wimbo mmoja wa taratibu mpaka uizoee mianya ile kati ya sentensi na sentensi.

Ukishaizoea, ingia kwenye ile ya 2003. Kisukari kilikuwa kimesababisha akatwe wayo, na mpiga piano anategemea miguu kwa ajili ya pedali, hasa ile inayoziacha noti ziendelee kulia baada ya vidole kuinuka. Nyimbo za taratibu ndizo zinazoihitaji zaidi. Kwa hiyo piano amekalia George Mesterhazy, na nyimbo mbili kapiga Ahmad Jamal. Steve Williams, mpiga drams wake wa miaka mingi, bado yupo. Besi ni Ed Howard, na mpiga tarumbeta Roy Hargrove anaingia pia. Mtego wa albamu nzima uko hapo: mwimbaji aliyezoea kujisubiri mwenyewe sasa anasubiriwa na mwingine. Fuatilia Mesterhazy anavyotulia mpaka neno litue ndipo aweke kordi. Kwangu mimi, huo ni usindikizaji wa adabu ya hali ya juu.

Wimbo rahisi wa kuingilia ni Yesterday wa Beatles, kwa sababu tayari unao kichwani. Uimbe kimoyomoyo kwa mwendo unaoujua, kisha uone Horn anakuacha wapi. Baada ya huo nenda If You Go Away, ambao asili yake ni wimbo wa Kifaransa wa Jacques Brel. Wengi huuimba kwa kulia. Sikiliza jinsi Horn anavyoukata mwisho wa neno mapema na kuliacha kimya.

Kuhusu vifaa: spika ya simu haifai. Haitoi besi ya chini, na brashi za Williams juu ya ngoma zinageuka kuwa mchakacho tu. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha. Kwenye programu ya muziki zima uchezaji wa kubahatisha, zima mpito unaounganisha nyimbo, na zima ule usawazishaji unaolinganisha ukubwa wa sauti kati ya nyimbo. Mpito huo hasa unaharibu, kwa sababu unaufunika mwisho wa wimbo kwa mwanzo wa unaofuata, na kwa Horn mwisho ndio penye kazi. Sauti iwe ya mtu anayeongea nawe chumbani. Ukiongeza zaidi unasikia nguvu ambayo hakuiweka.

Kwa waimbaji, jaribuni hivi. Weka metronomu, kile kifaa kinacholia kwa mapigo sawa, kwenye mapigo 48 kwa dakika. Kila pigo ni sekunde 1.25, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 5, na wimbo wa vipimo 32 unachukua dakika 2 na sekunde 40 kwa mzunguko mmoja. Kwanza soma maneno kama unazungumza, bila kuimba, huku metronomu ikilia. Kisha imba, ukianza kila sentensi baada ya pigo la kwanza badala ya juu yake. Jirekodi kwa simu.

Kosa litakalojitokeza ni moja kati ya mawili. Ama utavuta silabi kuziba nafasi, pumzi ikuishie kabla ya neno muhimu. Dawa ni kulikata neno na kunyamaza. Ama utachelewa, na bendi nzima ipunguze mwendo kukufuata, wimbo ulale. Hilo si kosa lako peke yako. Mwimbaji anaruhusiwa kuchelewa pale tu ambapo drams na besi hazichelewi, kwa hiyo kubaliana na mpiga drams kabla ya mazoezi kwamba hatakusubiri. Anayesubiri ni mpiga piano.

Naye mpiga piano aepuke kuujaza kila mwanya. Ashike noti tatu au nne katikati ya kinanda, aiachie oktava ya chini mwenye besi, na abadilishe pedali kila kordi inapobadilika, la sivyo kordi mbili zitachanganyika na maneno hayatasikika. Akitaka mfano, acheze mara mbili zile nyimbo za Ahmad Jamal, This Is All I Ask na Maybe September, mara ya pili akihesabu vipimo ambavyo mkono wa kulia haufanyi chochote.