Bunduki ya visahani kwa mwenye mfuko mdogo: anza na geji 20

Jamaa wa Uingereza na wa Maskati wakija Unguja likizo, kuna swali hunifuata mpaka barazani: mjomba, ninunue bunduki gani ya kupigia visahani, vile vya udongo vinavyorushwa hewani na mashine, iwe ndogo na isinifilisi? Wanajua kuwa nilipokuwa nikiishi Uingereza nilikuwa mtu wa viwanjani. Hapa nyumbani ukitaja bunduki ya marisau, zile chembe ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja, watu wanawafikiria wasasi na nguruwe wanaomaliza mihogo. Visahani wanauona mchezo wa masheikh wa Ghuba, na si uongo mtupu: Ahmed Al Maktoum wa Dubai alichukua dhahabu ya Olimpiki kule Athens mwaka 2004, na Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alipata shaba Rio, akaipata tena Tokyo akiwa na miaka 57. Lakini viwanja vya Uingereza nilivyovijua mimi vilijaa mafundi bomba na madereva wa malori.

Jibu langu ni fupi. Nunua geji 20, iliyotumika, yenye mitutu miwili iliyopandana juu na chini. Na kabla hujauliza bei ya bunduki, uliza bei ya risasi.

Wengi hapo ndipo wanapopotea. Geji ni hesabu ya kizamani: ratili moja ya madini ya risasi ikitoa vidonge 12 vya duara vinavyoenea mtutuni, hiyo ni geji 12; ikitoa 20, ni geji 20. Kwa hiyo namba ikikua mtutu unapungua: geji 12 ina upana wa milimita 18.5 hivi, 20 ina 15.6, na 28 ina 14. Ile wanayoiita 410 haimo katika hesabu hii, imepimwa kwa inchi tu, na ni nyembamba kuliko zote, milimita 10 na ushei. Sasa mtu anasema, risasi ndogo lazima iwe rahisi. Wapi! Risasi ya 28 au 410 huwa ghali kuliko ya 12, ingawa ndani yake mna marisau kidogo, kwa sababu viwanda vinatengeneza chache na wanunuzi ni wachache. Ya 20 ndiyo inayoikaribia ya 12 kwa bei, na unaipata karibu kila duka. Bunduki utailipia mara moja, risasi utazilipia kila ukitoka.

Halafu kuna kulenga kwenyewe. Risasi ya kawaida ya geji 12 ina gramu 28, marisau zaidi ya 300. Ya 410 ya kushindania skeet, ule mchezo wa visahani vinavyorushwa kutoka pande mbili, ina gramu 14, nusu yake. Kisahani kina upana wa sentimita 11, kinakwenda mbio, na wingu lako la marisau limepungua nusu. Mpigaji mzoefu anaitaka shida hiyo. Marekani wana mashindano ya skeet ya geji 12, 20, 28 na 410, kila moja na daraja lake. Mwanafunzi atakosa, atakosa tena, kisha bunduki itauzwa. Mpwa wangu wa kike alinipigia simu amependa 28 moja, nyepesi, ina nakshi za kupendeza. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni ya kununua baadaye, ukishachoka kuvunja visahani.

Wepesi nao una hila. Bunduki nyepesi ni tamu kuishika dukani, lakini ukiifyatua teke lote linakuja begani, na ukiizungusha kufuata kisahani inasimama kabla hakijapita. Geji 20 ya kilo tatu hivi, kwa risasi za gramu 24, ndiyo ninayoiona ya kiasi. Mwenye bega bovu atazame zile zinazojijaza zenyewe kwa gesi, teke lake ni la upole. Ila viwanjani wengi hupenda bunduki inayokunjika, kwa kuwa ikikunjwa kila mtu anaona mitutu mitupu.

Za Kituruki, kama Huglu na Yildiz, zimewafungulia mlango watu wa kipato chetu, wala sizidharau. Beretta au Browning iliyotumika itakugharimu zaidi, lakini siku ya kuiuza itakurudishia sehemu kubwa ya pesa yako. Mimi ningekwenda huko kama mfuko unaruhusu.

Ukiwa dukani, acha nakshi. Muombe muuzaji ahakikishe haina kitu, kisha atoe kile kipande cha mbao cha mbele, uishike kitako na kuitikisa kidogo: ikigongagonga penye bawaba, imechoka. Mwombe atenganishe mitutu, aining'inize kwa kidole na kuigonga kwa ukucha. Inapaswa kulia wazi na mlio uendelee. Ikitoa mlio mfu, huenda ule utepe unaounganisha mitutu umeachia. Chungulia ndani ukielekea kwenye mwanga, utafute vidonda vya kutu na mbonyeo. Kama ni kongwe, uliza iwapo mitutu inastahamili marisau ya chuma. Mwisho ipandishe begani macho umeyafumba, uyafumbue: ukiuona mgongo mzima wa mtutu, kitako ni cha juu mno kwako, usipouona kabisa, ni cha chini mno. Fundi anaweza kukikata au kukiongezea, mradi bei yake umeihesabu.

Jambo moja sitaki mtu alifanyie mzaha. Risasi za geji 20 zina ganda la njano kwa makusudi. Ikiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12, inateleza mbele na kukwama, huioni, na nyuma yake risasi ya 12 inaingia vizuri tu. Ukifyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Nyumba yenye geji mbili iwe na mifuko miwili, na mifuko ya koti ikung'utwe kabla ya kutoka.

Kwa walioko Uingereza, cheti cha polisi kinatangulia kila kitu, na kinadumu miaka mitano. Kabati la chuma la kufungia bunduki liingize kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ukija Unguja kwa miezi, kuna wauza silaha wenye leseni huko huko Uingereza wanaokuwekea kwa malipo madogo. Usiifunge begini uje nayo. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, na utaimalizia likizo yako ofisini.