Wale Watoto 40 wa Khanbaliq

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katekista wetu alituambia kwamba miaka 700 iliyopita padri mmoja alinunua watoto huko China, akawafanya kwaya. Ni kweli? Na kwa nini awanunue? – Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na aliyeyasema ni padri mwenyewe. Giovanni da Montecorvino, mtawa wa shirika la Wafransisko kutoka kusini mwa Italia, alifika Khanbaliq, Beijing ya leo, mwaka 1294, wakati wa utawala wa Wamongolia. Mwenzake wa safari alikuwa ameshafia India. Katika barua ya Januari 1305 anaeleza kwamba alinunua kidogo kidogo wavulana 40, wana wa wapagani, wa miaka 7 hadi 11, akawabatiza na kuwafundisha Kilatini.

Hilo neno "alinunua" linanichoma. Hasemi aliwalipa akina nani, wala hataji jina la mtoto hata mmoja. Nimefundisha kwaya miaka mingi, na kila nikiisoma barua hiyo nawatafuta wao kwanza.

Kwa nini awanunue? Mimi naona upweke. Alikaa miaka 11 bila padri wa kumwungamia, mpaka alipofika Ndugu Arnold wa Cologne. Na sala za kitawa huimbwa kwa pande mbili, huku wakianza, kule wakiitikia. Mtu mmoja ataitikiana na nani? Basi akawaandikia wale watoto vitabu vya zaburi na tenzi kwa mkono. Wavulana 11 wakaimudu sala yote, hata wakawa wanaiendesha yeye asipokuwepo. Waliimba kwa kusikia tu, maana hakuwa na kitabu chenye noti. Ndiyo maana akaomba Ulaya wamtumie: nakala moja ingetosha, watoto wangeinakili wenyewe.

Wakati huo alikuwa na miaka 58, kichwa kimejaa mvi, na anasema ni za taabu kuliko za umri. Wakristo wa Kinestoria, yaani wa Kanisa la Mashariki, waliomtangulia huko, walimsingizia kuwa jasusi.

Kanisa lake la kwanza lilikuwa na mnara na kengele tatu. Mwaka 1305 akaanza la pili, mbele ya lango la Khan, yaani mfalme wa Wamongolia, akawagawa wale wavulana, wengine huku, wengine kule. Khan alipenda kuwasikiliza, na barua ya 1306 inasema sauti zao zilimfikia humo humo chumbani mwake.