Leseni Mfukoni, Bunduki Marufuku: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Feloni na Uwindaji Marekani

Msimu wa kulungu unapokaribia, wasomaji walioko Marekani wenye kosa kubwa la jinai kwenye rekodi, lile linaloitwa huko feloni, wanauliza kama nao wanaweza kuingia porini. Tunajibu kwa sheria ya shirikisho kwanza, kisha tunataja jimbo pale linapobadilisha jibu.

Nina feloni ya mwaka 2014, adhabu nimeimaliza. Duka la hapa Texas limeniuzia leseni ya kuwinda bila kuniuliza kitu. Si ndiyo ruhusa yenyewe?

Ya kuwinda, ndiyo. Ya bunduki, hapana. Leseni ni mali ya idara ya wanyamapori ya jimbo, na kwa kawaida muuzaji hachunguzi rekodi yako ya jinai. Kinachoweza kukuzuia pale dirishani ni kufungiwa leseni kwa kosa la uwindaji wenyewe, tena kufungiwa katika jimbo moja hukufuata karibu majimbo yote, kwa kuwa yana mkataba.

Bunduki ina sheria yake, ya mwaka 1968. Aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, hata risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa koti. Tangu 2022 adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 15.

Texas ina mtego wake. Sheria ya jimbo inamruhusu mtu, miaka 5 baada ya kutoka kifungoni au kumaliza uangalizi, kuwa na bunduki ndani ya nyumba anamoishi. Watu husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Serikali ya shirikisho haiitambui hiyo miaka 5, na hata jimbo lenyewe halikusema porini.

Mimi sikulala jela hata siku moja, nilipewa probesheni tu, yaani uangalizi wa nje badala ya kifungo. Nami nimo?

Huenda umo. Hakimu alikupa nini si hoja. Hoja ni sheria ilimruhusu akupe nini. Kosa ambalo jimbo lenyewe linaliita dogo, na kifungo chake hakizidi miaka 2, halihesabiwi. Lakini kosa dogo la kumpiga mke, mume au mzazi mwenzio linakufungia bunduki tangu 1996, hata kama adhabu yake ni ndogo.

Tazama kesi ya mtu aitwaye Bryan Range. Mwaka 1995 huko Pennsylvania alikubali kosa la kudanganya kwenye fomu ya msaada wa chakula. Jimbo liliita kosa dogo, naye akapewa probesheni ya miaka 3. Kwa kuwa kosa hilo lingeweza kumpa hadi miaka 5 jela, alipotaka bunduki ya kuwindia kulungu alikataliwa. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ilimpa haki mwaka 2023, na tena Desemba 2024, ila kwa maneno finyu yanayomhusu yeye; usiyachukue kama kibali chako. Kwa maoni yetu sheria hii ni juya: inakokota dagaa na papa pamoja. Aliyedanganya fomu ya chakula na aliyepora kwa bastola hawakustahili kapu moja. Lakini mpaka mahakama au Bunge libadilishe, ndiyo sheria.

Nilifungwa miaka 2 Kenya kabla ya kuja huku. Hesabu hiyo inanifuata?

Kwa katazo hili la bunduki, hapana. Mwaka 2005, katika kesi ya Small aliyekuwa amehukumiwa Japani, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu zinazohesabiwa ni za mahakama za Marekani tu. Kwenye fomu za uhamiaji ni habari nyingine: ukiulizwa, sema. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Upinde je?

Hapa ndipo wengi wanapopata nafasi yao. Bunduki, kwa sheria ya shirikisho, ni kile kinachorusha kwa nguvu ya mlipuko. Kwa hiyo upinde haumo, na ule upinde wa kitako na kifyatulio haumo. Bunduki ya upepo nayo haimo, ingawa New Jersey inaihesabu kuwa bunduki kamili. Ukiwa bado chini ya probesheni au paroli (kuachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha), usitoke na upinde kabla afisa wako hajakubali kwa maandishi, kwa sababu masharti mengi yanakataza "silaha hatari" na kila afisa ana tafsiri yake. Kumbuka pia ruhusa ya kusafiri: msitu mzuri mara nyingi uko nje ya eneo lako.

Sasa upinde wenyewe. Kosa la wanaoanza ni kununua mzito kwa ajili ya sifa. Mvuto wa pauni 45 hadi 50 unatosha kabisa kwa kulungu. Ule wa pauni 70 unaouvuta kwa raha dukani utakushinda ukiwa umekaa saa mbili juu ya dungu kwenye baridi: mkono unatetemeka, unalazimika kuinua upinde juu ili uvute, na kulungu ameshaona. Jipime hivi: kaa kwenye kiti, miguu juu, vuta taratibu bila kuuinua. Ukishindwa, punguza.

Ukianza, usipige zaidi ya mita 18 hivi. Chembe ya mshale iwe kali ya kunyoa nywele za mkono, maana mshale huua kwa kukata mishipa, si kwa kishindo. Subiri mnyama akae ubavu au ageuze kidogo mgongo, lenga nyuma ya bega. Akikimbia, usimfuate. Damu yenye povu jekundu jepesi ni ya mapafu: subiri nusu saa. Mshale ukirudi na uchafu wa kijani unaonuka, umepiga tumbo. Mwache kwa muda wa saa 8 au zaidi, kwani ukimkurupusha atakwenda mbali na hutampata. Na kwenye dungu jifunge mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapoacha ardhi. Wengi huanguka wakipanda na wakishuka.

Nimesikia gobore linaruhusiwa. Kweli?

Kweli kwa serikali ya shirikisho, lakini si kila gobore na si kila jimbo. Sheria inaliweka gobore la baruti nyeusi kundi la silaha za kale, ambazo haizihesabu kuwa bunduki, hata kama limetoka kiwandani mwaka huu, alimradi hujazwa kwa mdomoni, limeundwa kwa baruti nyeusi au mbadala wake, na haliwezi kutumia risasi za kawaida. Linapoharibika jibu ni pale mwili wa bunduki unapokubali mtutu mwingine. Shotigani ya Remington 870 iliyofungwa mtutu wa gobore bado ni bunduki. Thompson/Center Encore vivyo hivyo. Dukani zinakaa rafu moja na zile halali, na muuzaji anaweza asijue tofauti.

Ohio inaita bunduki kila kinachorusha kwa mlipuko au kwa kitu kinachowaka, kwa hiyo kule gobore limo katika marufuku. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kutoa pesa.

Halafu kuna fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Magobore mengi ya kisasa yanatumia fataki namba 209, ambayo asili yake ni ya risasi za shotigani, na sheria inapotaja risasi inataja pia ganda, fataki na baruti vilivyotengenezwa kwa ajili ya bunduki. Tunashauri gobore la fataki namba 11, hoja hiyo isizuke. Baruti isiyotoa moshi usiiguse: kisheria ni risasi, na ndani ya gobore hupasua mtutu.

Ukishindilia, hakikisha risasi imekaa juu ya baruti kabisa. Weka alama kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, gobore likiwa limejazwa sawasawa. Alama ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, kuna nafasi ndani, na nafasi hiyo yaweza kupasua chuma. Jioni osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta. Ukiacha hadi kesho utakuta kutu.

Naweza kufuatana na rafiki mwenye bunduki? Na mke wangu anayo nyumbani.

Kufuatana, ndiyo. Beba chakula, fuata damu, chuna, buruta. Hatari ipo kwenye uzio wa senyenge: rafiki anataka kuvuka, anakunyooshea bunduki, "nishikie kidogo." Usishike. Ataiweka chini upande wa pili, kisha avuke. Kubalianeni hilo kabla hamjatoka nyumbani. Katika pikapu pia, bunduki na risasi zisikae miguuni pako.

Nyumbani, mke ana haki ya bunduki yake, ila wewe usiwe na njia ya kuifikia: iwe kwenye sefu, ufunguo au namba anayo yeye peke yake. Akikununulia wewe kwa jina lake, hapo mmeingia wote. Tangu 2022 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 15.

Nina grini kadi, si raia. Nikikamatwa na bunduki?

Hapa hatari ni kubwa kuliko jela. Hukumu ya mtu mwenye feloni kukutwa na bunduki inaingia katika makosa mazito ya sheria ya uhamiaji, na inafunga karibu milango yote ya kuomba kubaki. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaongea na duka, hata kwa gobore.

Haki ya bunduki inarudije?

Kwa hukumu ya jimbo: msamaha wa gavana, kufutiwa rekodi, au kurudishiwa haki za kiraia. Soma karatasi hadi mwisho. Jimbo likikurudishia bunduki ndefu likabakiza bastola, serikali ya shirikisho inahesabu hujarudishiwa kitu; ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1998 katika kesi ya Caron. Hukumu ya shirikisho jimbo haliwezi kuisafisha; kinachoisafisha ni msamaha wa rais. Njia ya kuomba kwa ATF, shirika la shirikisho linalosimamia sheria za bunduki, ilikauka mwaka 1992 Bunge liliponyima fedha. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ilianza kuifungua upya kwa kanuni mpya.

Darasa la uwindaji lina siku ya kushika bunduki. Nifanyeje?

Mpigie mkufunzi kabla, umwambie unasomea upinde. Majimbo mengi yana kozi ya mtandaoni kwa watu wazima, na baadhi, kama New York, yanataka pia kozi ya upinde, mbali na ile ya uwindaji. Ukilazimika kuhudhuria, shika zile bandia za mafunzo tu. Zamu ya shabaha ikifika, kaa benchi.