Je, kuinua vifungio vya skii huongeza udhibiti?

Ndugu muulizaji, umeuliza kama vipande vya kuinua vifungio, yaani vishikizo vya buti, vitakusaidia kuzimudu skii zako (mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) kwenye theluji iliyoganda. Vitasaidia, ila vina madhara yake. Kadiri buti linavyokaa juu zaidi, ndivyo mguu unavyopata wenzo mrefu wa kuulaza ubao na kuukandamiza ukingo wake wa chuma kwenye barafu, na pia buti halikwaruzi theluji unapojilaza sana kwenye kona, jambo linaloweza kuuinua ukingo na kukuangusha ghafla. Lakini wenzo huohuo hukuza kila kosa dogo la mguu na kulielemea goti zaidi, na kwa sababu za usalama FIS, shirikisho la kimataifa la skii na snoubodi, imeweka kikomo cha milimita 50 kutoka chini ya skii hadi soli ya buti katika mashindano ya alpaini (ya kuteremka mlima) ya watu wazima. Kwenye theluji laini na nene faida hiyo hupungua sana.

Kwa snoubodi, yaani ubao mmoja mpana unaobeba miguu yote miwili, vifungio huinuliwa hasa kwa wenye miguu mikubwa, ambao vidole na visigino vyao hupita kingo. Nakusihi unoe kingo kwanza, kwani ukingo butu hauwezi kushika barafu hata vifungio vikiinuliwa.