Redio ya gari: ufunge mwenyewe au umwite fundi?

SWALI: Habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Nimenunua redio ya skrini, na amplifaya ya wati 500 kwa ajili ya sabufa moja. Kaka yangu anasema redio ni nyaya tatu tu, njano, nyekundu na nyeusi, nisipoteze hela kwa fundi. Fundi naye anasema nikigusa nitaunguza gari. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hizo ni kazi mbili tofauti. Redio funga mwenyewe. Amplifaya mpe fundi, lakini usiondoke hapo mpaka amalize.

Nyuma ya redio ya Toyota kuna plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Kabla ya lolote, nunua soketi ya Toyota inayochomekwa kwenye plagi hizo bila kukata waya hata mmoja. Kazi nyingi za mtaani huharibika hapa: plagi ya kiwandani inakatwa, nyaya zinasokotwa kwa vidole, zinazungushiwa tepu nyeusi. Gari likikaa juani gundi inalainika, tepu inaachia, nyaya zinagusana. Na ukitaka kurudisha redio ya zamani, plagi haipo tena.

Nyaya za soketi ziunge na za redio mpya ukiwa mezani, kwa risasi ya kulehemu na mpira unaosinyaa kwa joto. Kwenye redio, njano ni umeme wa betri wa muda wote, nyekundu ni umeme unaokuja funguo ikifika ACC, nafasi ya kabla ya kuwasha injini, nyeusi ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Upande wa gari rangi ni nyingine: Toyota nyingi zina bluu yenye mstari wa njano kwa umeme wa muda wote, kijivu kwa ACC, kahawia kwa ethi. Gari lililopita mikono mingi usiliamini kwa rangi, pima kwa mita. Bluu isome karibu volti 12 funguo ikiwa mfukoni. Kijivu isome sifuri, kisha 12 ukifika ACC. Ukishajua, fungua hasi ya betri kwa spana namba 10 ndipo uchomeke redio.

Kuhusu spika: kila moja ina nyaya zake mbili, na hakuna hata mmoja unaokwenda kwenye bodi. Hasi ya spika ikigusa bodi, redio inaweza kuungua sehemu ya sauti. Kwenye redio mpya, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ndio hasi.

Amplifaya ni habari nyingine. Wati 500 za kweli zinavuta kama ampia 45, na umeme huo unatoka kwenye betri hadi buti, karibu mita 5 za waya. Mwambie fundi alete waya namba 4, yaani milimita 21 za mraba, wa shaba tupu. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, haubebi mzigo sawa. Fyuzi ya ampia 60 ikae kwenye waya huo ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Akitaka kuiweka kule buti tu, mkatalie. Fyuzi hiyo inalinda waya. Waya ukichubuka kwenye tundu la ukuta wa injini na hakuna fyuzi nyuma yake, betri itamwaga mamia ya ampia na kapeti itawaka. Tundu lenyewe lazima livishwe mpira.

Ethi iwe fupi, isizidi nusu mita, unene uleule, ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae. Wala si kwenye bolti ya mkanda wa kiti. Nyaya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio hadi amplifaya, zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri, vinginevyo utasikia mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Na nyaya zilizovishwa njano chini ya dashibodi ni za eabegi: zisiguswe, zisipimwe hata kwa mita.

SWALI: Nilifunga redio mpya kwenye Probox mwenyewe. Gari likilala siku mbili betri haina nguvu, na stesheni zinaonyesha namba za ajabu. Tatizo nini?
Msomaji, Ilala

JIBU: Inaelekea umeunga njano na nyekundu pamoja, kwa hiyo redio hailali. Zitenganishe. Kisha zima kila kitu, funga milango, weka mita kwenye ngazi ya ampia 10 kati ya hasi ya betri na waya wake uliofunguliwa, usubiri nusu saa. Isizidi ampia 0.05. Usipige stata mita ikiwa hapo.

Stesheni ni suala la antena. Redio za Japani zilizokuja na magari hayo hupokea FM ya 76 hadi 90 tu, ndiyo maana magari hufungwa kidude cha kushusha mawimbi ya kwetu. Redio mpya haikihitaji. Kitoe, uchomeke antena moja kwa moja. Mawimbi yakidhoofika, antena yako ina kikuza mawimbi kinachodai umeme: kipe waya wa bluu wa redio.