Taa za urembo chini ya gari: zipi zinapita barabarani Nairobi?

SWALI: Fundi, hujambo. Nina Subaru Impreza na nataka kuifunga ukanda wa LED za rangi chini, pande zote nne, kisha nibadilishe balbu za mbele ziwe za LED. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road ameniambia atachukua moto, yaani umeme, kwenye taa ndogo, na kwamba nikiona polisi nizime tu kwa rimoti. Marafiki nao wanasema nganya, yaani matatu zilizopambwa, zinawaka usiku kucha na hakuna anayezigusa. Sheria inasemaje, na kazi yenyewe ifanywe vipi?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Sijambo, ndugu. Nianze na nganya, kwa kuwa ndizo zinazowaponza wengi. Nganya kupita Thika Road ikiwaka si kibali chako. Siku afisa akiamua kuisimamisha, itajibu kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ile ile itakayokuhukumu wewe.

Usipoteze muda kutafuta kanuni inayotaja taa za chini ya gari kwa jina. Askari anaangalia rangi, upande inakoelekea, na kama inamulika kwa kukatikakatika. Taa ya gari ni ujumbe kwa wengine: nyeupe inasema gari linakuja, nyekundu linaondoka au linafunga breki, ya chungwa linageuka. Kwa hiyo nyekundu isionekane mbele, na nyeupe isionekane nyuma isipokuwa ya rivasi na ya kumulika namba pleti. Nyekundu na bluu za kupepesa waachie polisi, ambulensi na zimamoto. Gari lisilo katika hali inayotakiwa linaangukia kifungu cha 55, na afisa anaweza kuagiza likakaguliwe. Rimoti haitakusaidia hapo, maana ukanda na waya vinaonekana hata vikiwa vimezima.

Kuna tatizo jingine la rimoti ambalo wauzaji hawalitaji. Kontrola nyingi za bei nafuu, yaani visanduku vinavyopokea amri ya rimoti, hukumbuka mtindo wa mwisho. Ukiwa umeacha ule wa kupepesa rangi, ukiwasha gari asubuhi utaondoka ukimulika nyekundu na bluu mbele ya watu. Isitoshe, ukanda wa rangi tatu una waya mmoja wa chanya na mitatu ya hasi, mmoja kwa kila rangi. Waya wa hasi wa nyekundu ukichubuka na kugusa bodi ya gari, ambayo nayo ni hasi, nyekundu itawaka hata kontrola ikiwa imezima, kwa sababu umeme umepata njia nyingine ya kurudi. Ndiyo maana kuzima kwa kweli ni kukata chanya.

Ushauri wangu: zifungwe hivi kwamba haziwezi kuwaka gari likienda. Ukiwa umeegesha kwenye maonyesho au uani kwako, ziwake utakavyo. Inahitaji rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ya kawaida ya pini nne. Pini 30 ipate moto wa betri kupitia fyuzi, na 87 iende kwenye kontrola. Pini 86 ichukue moto wa swichi, yaani ule unaokuja ufunguo ukiwa ON. Usichukue ule wa redio, kwa sababu umeme unaweza kupenya kwenye koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei kati ya pini 86 na 85, hadi taa ya onyo ya breki, ukaiona inawaka hafifu bila sababu. Pini 85 iungwe kwenye waya wa swichi ya breki ya mkono, ambao hugusa bodi ukivuta breki. Weka diodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya 1N4007 sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea 86, ili ule mshtuko wa umeme rilei inapoachia usiharibu dashibodi. Katika magari mengi waya huo huo unahudumia pia swichi ya kiwango cha mafuta ya breki, kwa hiyo taa zikiwaka ghafla ukiendesha, usianze kulaumu rilei: simama ufungue boneti uangalie mafuta ya breki kwanza.

Sasa hilo la kuchukua moto kwenye taa ndogo. Mkataze. Ukanda wa LED za 5050, zile za milimita 5 kwa 5, wenye taa 60 kwa mita hula takriban wati 14.4 kwa mita. Pande mbili za sentimita 120 na mbili za 90 ni mita 4.2, yaani wati 60, ampea 5 kwa volti 12. Injini ikifanya kazi chaji hufika volti 14 na ushee, na ampea hupanda zaidi. Ukiuongezea mzigo huo kwenye fyuzi ya taa ndogo, siku ikikatika utapoteza kwa pamoja taa za nyuma, taa ya namba pleti na mwanga wa dashibodi, usiku, na hapo una kosa halisi ambalo hukuwa nalo. Vuta waya wako mwenyewe kutoka betri: wa 1.5 mm², fyuzi ya ampea 10, ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo ya betri. Unapopenyeza waya kwenye ukuta wa injini tumia raba. Bati tupu hukata ngozi ya waya kidogokidogo.

Nunua ukanda wa IP67 au zaidi, IP ikiwa ni kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Mvua ikinyesha na barabara kujaa maji, ule wa IP65 huingiza maji pale ulipokatwa, shaba inageuka kijani na rangi zinakufa moja baada ya nyingine. Kila kipande kikishakatwa, chomelea waya kwa risasi, kisha ziba ncha kwa silikoni. Usitegemee gundi ya mgongoni. Funga kwa vishikio vya skrubu, upande wa ndani wa ukingo wa chini ya mlango, mbali na egzosi. Kile cha mbele kiinue juu ya ukingo wa bampa, la sivyo bampu za kwanza za mtaani zitakinyofoa.

Kuhusu balbu za mbele, hapo ndipo ningekuwa mkali zaidi kuliko kwenye urembo. Kioo cha taa ya halojeni kimechongwa kufuata mahali waya wa balbu unapokaa. Chipu za LED zisipokaa hapo hapo, mwanga unatawanyika na anayekuja mbele yako haoni kitu. Pima: simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, sakafu ikiwa sawa, uwashe taa za chini. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hadi 15, na upande pekee unaoruhusiwa kupanda ni wa kushoto, tunakoegemea barabarani. Ukiona mwanga umeenea juu bila ukingo, rudisha halojeni. Hakuna marekebisho yatakayoiponya hiyo. Taa nzima zilizotengenezewa nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara zina ukingo uliopinda upande usiofaa, nazo usinunue hata zikiwa rahisi.

Za ndani ya gari hazina neno, mradi zimejificha chini ya dashibodi, hazipepesi na hazirudi kwenye kioo cha mbele. Ya namba pleti ibaki nyeupe.

Kabla hujamlipa fundi, mpe funguo za gari wewe ukae nje: awashe, avute breki ya mkono, aiachie, aivute tena. Akiiachia na taa zikabaki zinawaka, hajamaliza kazi.

Na ukishafunga, mjulishe wakala wako wa bima kwa maandishi. Mabadiliko yasiyotajwa ndiyo wanayoyatafuta kwanza gari likiungua kwa hitilafu ya umeme.