Re: Mzula kwa sindano mbili za kawaida, inawezekana?

Dada uliyeuliza kama utaweza kumfumia kijana wako mzula wa kwenda nao shule Makete wakati una sindano mbili tu zile ndefu, inawezekana kabisa, unafuma bapa kama skafu alafu unakuja kushona ubavuni. Na kwa baridi ya kule mwezi wa 6 na wa 7 fanya haraka.

Chukua uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4 hivi, anza vitanzi 88. Unafuma viwili uzi ukiwa nyuma, viwili uzi ukiwa mbele, hivyo hivyo mpaka mwisho, ukigeuza unaanza upya vilevile, kila mstari ni uleule yaani hata ukiwa unaangalia tamthilia hupotei. Ila hapa ndo wengi tunaharibu, uzi ukiuhamisha upitishe KATIKATI ya sindano, usiuzungushe juu, ukizungusha unazaa kitanzi kipya na tundu. Wa kwangu wa kwanza nilikuja kuhesabu vitanzi 103 nikabaki nacheka, nikafumua wote.

Ukifika sentimita 21 fuma viwili viwili kwa pamoja mstari mzima, vinabaki 44, mstari mmoja wa kawaida, rudia tena vibaki 22. Kata uzi uache kama sentimita 50, pitisha kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea, vuta ukaze, mkia uliobaki ndo unashonea ubavu. Ila ule mstari wa kwanza wa kuanzia usiukaze sana, ukiukaza mzula hautapita kichwani.